Valheim: nguzo ya tisa inavunjika kila nikiiweka, na paa la kati halikai. Tatizo ni nini?

Kibanda_Juu:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa ujenzi kwenye Valheim, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuishi porini, na nitaeleza vipimo vyote ili mnijibu kwa uhakika.

Kwanza, ukumbi. Upana mita 16, urefu mita 20. Kuta ni nguzo za mbao za kawaida za mita 2, tatu juu ya nyingine, kwa hiyo ukuta una kimo cha mita 6. Paa ni la nyasi, mwinuko wa digrii 45, linapanda kutoka pande zote mbili. Kipande cha kwanza na cha pili vinakaa vizuri. Cha tatu ni chekundu. Cha nne kinapasuka sekunde chache baada ya kuwekwa, kwa hiyo pande mbili hazikutani kabisa.

Pili, mnara wa mita 8 kwa 8. Nataka ghorofa tano, kila moja mita 4. Nguzo za kona zinapanda mpaka ya nane. Ya tisa inavunjika palepale. Nimeongeza nguzo nyingine ubavuni ili kuinenepesha, matokeo ni yaleyale.

Tatu, uchimbaji. Benchi la kazi na kibanda kidogo vipo juu ya mwamba wa shaba kule Black Forest, eneo la msitu mzito la mchezo. Nataka kuuchimba ule mwamba kuanzia chini. Je, kibanda kitaanguka? Na nikichimba shimo refu, udongo unaweza kuniangukia?

Chuma ninacho kidogo, vipande 14 tu. Asanteni.

---

Nyundo_na_Timazi:

Mkuu, karibu. Matatizo yako yote matatu yana mzizi mmoja, kwa hiyo vumilia nianzie kwenye hesabu.

Valheim haijui uzito. Hilo ndilo linalowapoteza wengi. Ukijaza makasha ishirini ghorofani, sakafu haisikii kitu. Mchezo unauliza swali moja tu kwa kila kipande: uko mbali kiasi gani na ardhi, na njia ya kutoka ardhini mpaka kwako imepita kwenye vifaa gani? Kipande kinachogusa ardhi kinapewa uimara wote wa aina yake. Kinachofuata kinapokea kutoka kwa jirani yake kikikatwa kiasi fulani kwa kila mita, na anayefuata hivyohivyo. Kipande kikishuka chini ya kiwango cha mwisho cha aina yake, kinavunjika.

Mbao ya kawaida inaanza na pointi 100 na haivumilii kushuka chini ya 10. Inapoteza asilimia 12.5 kwa kila mita ikipanda juu, na asilimia 20 kwa kila mita ikienda pembeni. Umbali unapimwa kutoka katikati ya kipande hadi katikati ya kipande kingine, halafu mchezo unaongeza sentimita 10 kwa kila kiungo. Sasa tazama nguzo yako ya mita 2 ikipanda: ya kwanza 100, ya pili 74, ya tatu 54, ya nne 40, ya tano 30, ya sita 22, ya saba 16, ya nane 12. Ya tisa inapata 8.75. Iko chini ya 10, imekwenda. Ndiyo maana mbao tupu haivuki mita 16, hata ungekuwa fundi wa namna gani.

Na ndiyo maana kunenepesha hakukusaidia. Nguzo mbili zilizo sambamba hazijumlishi nguvu zao. Kipande cha juu kinachagua njia iliyo bora kati ya zile zinazokifikia, basi. Nguzo ya pili ni akiba tu: ya kwanza ikivunjwa na troli (lile jitu kubwa la msituni), bado kuna njia nyingine.

Msonobari una mbao ngumu zaidi, zile za mviringo. Zinaanza na 140, kikomo cha chini ni hichohicho 10, zinapoteza asilimia 10 kwa mita kwenda juu na karibu asilimia 17 kwenda pembeni. Zinafika mita 24. Boriti ya mbao yenye chuma inaanza na 1500, inavumilia mpaka 20, na inapoteza sehemu moja ya 13 kwa mita, iwe inapanda au inalala. Hiyo inafika mita 50. Jiwe lina 1000, lakini linavunjika likishuka chini ya 100, na kwenda pembeni linapoteza kila kitu ndani ya mita moja. Jiwe ni la kusimama tu.

Shika nyundo mkononi, elekeza kwenye kipande, utaona rangi. Buluu ni kinachogusa ardhi. Kijani kina uimara mwingi, halafu njano, chungwa, na nyekundu ndiyo mwisho wa safari. Zizoee rangi hizi kuliko kuhesabu.

---

Mama_Boriti:

Nyundo kamaliza upande wa hesabu. Mimi nimjibu kuhusu ule ukumbi, maana unahitaji mpangilio kwanza kabla ya vifaa.

Kibanda_Juu, ukuta wako wa nguzo tatu unafika juu ukiwa na pointi 54. Paa linaanzia hapo. Kipande cha kwanza cha paa kinapata kama 38, cha pili 22, cha tatu 13, cha nne karibu 8. Uliyoyaona kwenye rangi ndiyo haya haya. Kupunguza mwinuko wa paa hakutakuokoa, kwa sababu digrii 26 inakupeleka pembeni zaidi kuliko juu, na mbao inachukia pembeni.

Dawa ni safu mbili za nguzo za msonobari ndani ya ukumbi. Usiweke safu moja katikati. Kwanza inaharibu ukumbi, pili ncha ya paa iko mita 14 kutoka chini, na nguzo ya msonobari ikifika huko imebaki na pointi 34 tu. Ziweke mita 4 kutoka kila ukuta. Mahali hapo paa liko kwenye kimo cha mita 10, kwa hiyo kila nguzo ni vipande vitano vya mita 2, na kileleni bado kuna pointi 54 au 55. Katikati unabaki na uwazi wa mita 8, unatosha kabisa kwa meza ndefu na moto.

Kwa urefu wa mita 20, panga nguzo kila baada ya mita 4. Hizo ni sita kwa safu, kumi na mbili kwa jumla, vipande 60. Juu yake laza boriti za msonobari za mita 2 kutoka ncha hadi ncha, kumi kwa kila safu. Jumla nzima ni mbao 80 za msonobari, kwa sababu kipande cha mita 2 kinakula moja. Hakikisha paa linazigusa zile boriti kweli. Kukamatana kwa pointi za kuunganishia si lazima, ila kugusana kwa maumbo ni lazima. Ukiona mwanga unapita katikati ya boriti na paa, hapo hakuna msaada wowote. Shikilia Shift wakati wa kuweka ili kipande kisijivute chenyewe, kisha kisogeze mpaka kizame kidogo ndani ya paa.

Vipande vya paa vilivyo juu ya boriti vitapata karibu 40 badala ya 22. Cha tatu kitakuwa 20 na kitu, cha nne kitabaki kwenye rangi ya chungwa au nyekundu iliyotulia, na kofia ya paa itakaa. Kofia ina bahati yake: inashikwa kutoka pande mbili zinazotazamana. Mchezo ukikuta kipande kinaegemea pande mbili zilizo kinyume, unachukua wastani wa pande hizo kwa ile hesabu nafuu ya wima, si ile kali ya pembeni. Kwa hiyo daraja lililoshikwa kote kuwili linaenda mbali kuliko kibaraza kinachoning'inia upande mmoja.

Jambo moja watu hulikosea sana kwenye boriti za kulala: kutumia ya mita 4 kwa kudhani ni imara kuliko mbili za mita 2. Kwenye kupanda juu hakuna tofauti, zote zinaishia mita 24. Kwenye kulala tofauti ni kubwa. Ya msonobari ya mita 4, kutoka 140 inayofuata inapata 44, inayofuata 14, kisha kwisha. Za mita 2 zinakwenda 140, 91, 59, 38, 25, 16, 10.5. Yaani mita 8 dhidi ya mita 12 kutoka kwenye kipande cha mwanzo. Kibaraza chochote jenga kwa vipande vifupi.

---

Gogo_la_Msonobari:

Ushauri mzuri huo. Ila kwa mnara mimi naona asipoteze chuma. Msonobari unafika mita 24, mnara wake ni mita 20. Nguzo nne za kona za msonobari, biashara imekwisha.

---

Nyundo_na_Timazi:

Hapana, ndugu, hapo utamwangusha. Mita 24 ni kimo cha nguzo ikiwa peke yake, haijabeba chochote. Ghorofa inahitaji sakafu, na sakafu inakwenda pembeni.

Chukua nguzo ya msonobari kwenye mita 16, pale sakafu ya ghorofa ya tano inapoanzia. Imebaki na pointi 27. Ubao wa sakafu wa mita 2 kwa 2 ukiuunganisha hapo unapata kama 15, wa pili 9, umevunjika. Mnara una upana wa mita 8. Kutoka kona hadi katikati ni mbao mbili. Katikati kutabaki tundu. Hata kwenye mita 12, nguzo ina 43, sakafu inakwenda 25, 14, halafu basi. Na paa bado halijawekwa!

Mimi kwenye majengo ya watu huwa natumia kanuni hii: msonobari ukiwa na sakafu juu yake, usiupeleke zaidi ya mita 12.

Ana vipande 14 vya chuma, na vinatosha. Nguzo ya mbao yenye chuma inakula chuma 1 na mbao 2, na inahitaji karakana ya mhunzi karibu. Asiweke kona nne. Aweke nguzo moja katikati ya mnara, vipande kumi vya mita 2, yaani chuma 10 na mbao 20. Kwenye mita 20 nguzo hiyo bado ina pointi zaidi ya 300.

Na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Mbao haiwezi kupokea zaidi ya 100 yake, lakini ikigusa kitu chenye mamia ya pointi, inapokea 100 kamili kana kwamba imegusa ardhi. Kwa nguzo ya chuma hali hiyo inaendelea mpaka kama mita 28 juu. Kwa hiyo kila sakafu, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, inaanza upya na kijani kibichi pale katikati, na inatakiwa kwenda mita 4 tu kufika ukutani. Mbao mbili. Ukuta wenyewe utashikwa na sakafu. Badala ya kuta kubeba sakafu, sakafu ndizo zinazobeba kuta.

Vile vinne vinavyobaki: viwili ni vya meza ya kukatia mawe (mbao 10, chuma 2, mawe 4), viwili viweke.

---

Gogo_la_Msonobari:

Nimekuelewa mkuu, sikuhesabu sakafu. Basi niongeze njia ya asiye na chuma kabisa, maana wapo wengi kwenye hatua hiyo.

Jembe lina chaguo la kuinua ardhi, linakula mawe 4 kila unapoinua. Ardhi inaweza kuinuliwa mpaka mita 8 juu ya ilivyokuwa mwanzo, na kuchimbwa mita 8 chini ya hapo. Udongo ulioinuliwa ni ardhi kamili. Kwa hiyo inua kichuguu katikati ya mnara mpaka mita 8, anza nguzo zako juu yake, na mbao ya kawaida tu itafika mita 24 kutoka chini. Ukuta unakizunguka kichuguu na hakuna anayejua kama kipo.

Mti ulio hai nao ni ardhi kwa macho ya mchezo, na jabali vilevile. Boriti ikigusa shina la mti inakuwa na uimara wote. Nyumba za juu ya miti zinajengwa hivyo. Hatari yake inajulikana: mti ukikatwa, au gogo jingine likiangukia pale na kuung'oa, nyumba nzima inashuka.

---

Mama_Boriti:

Na kuhusu jiwe, kwa kuwa atapata meza ya kukatia: usiweke jiwe juu ya mbao. Jiwe linataka angalau pointi 100 na mbao ya kawaida kikomo chake ni 100, kiungo kikikata chochote jiwe linakosa. Juu ya msonobari ni bahati nasibu, nguzo ya chini tu ndiyo inaweza. Mpangilio unaofanya kazi ni jiwe chini, mbao juu. Ukuta wa jiwe wa mita 14 unaipa mbao iliyo juu yake 100 kamili, kwa hiyo ngome ya jiwe yenye ghorofa za mbao juu inakwenda mbali kwa gharama ya mawe tu.

Sakafu ya jiwe ghorofani ni jambo jingine. Jiwe halitoki pembeni, kwa hiyo lazima boriti za chuma zipite chini yake, au lishikwe na kuta mbili zinazotazamana zilizo karibu. Marumaru nyeusi iliyokuja na Mistlands, eneo lililoongezwa kwenye mchezo mwishoni mwa 2022, inapoteza nusu kwa mita badala ya yote, afadhali kidogo, bado si ya kuning'iniza.

---

Sururu_ya_Usiku:

Nimeona swali la uchimbaji limesahaulika, nalijibu mimi.

Tuanze na hofu ya udongo. Ardhi ya Valheim haianguki. Ni kama shuka lililotandikwa: inainuka na kushuka, lakini huwezi kuitoboa ubavuni ukaacha dari. Handaki halichimbiki. Unachopata ni shimo lililo wazi juu, kuta zake zikiwa zimesimama wima, na kuta hizo hazitakudondokea kamwe. Hatari za shimo ni nyingine. Kuanguka kutoka zaidi ya mita 4 kunaumiza, na wale vijitu wa msituni wakikukuta chini huna pa kutokea. Acha upande mmoja uwe mteremko tangu mwanzo. Pia angalia usawa wa bahari: shimo likishuka chini yake linajaa maji, hata kama uko mbali na ufukwe.

Mwamba wa shaba ni kitu tofauti na ardhi. Umeundwa na vipande vingi vilivyoshikana, kila kipande na uhai wake. Mchezo unakagua kama kila kipande bado kinagusa ardhi, au kinagusa kipande kingine chenye njia ya kufika ardhini. Kisipokuwa nayo kinapasuka chenyewe na kutoa mali yake. Kwa hiyo hapa kuporomoka ndiko unakokutaka.

Fanya hivi. Chimba mfereji kuuzunguka mwamba wote kwa sururu, upana wa kupita mtu mmoja au wawili. Sehemu kubwa ya mwamba iko chini ya udongo, usidanganyike na kile kinachoonekana juu. Shuka ukifuata ubavu wake. Ukifika mahali unapoanza kuingia ndani kwa chini, ondoa udongo ulio chini ya mwamba, si mwamba wenyewe. Endelea kuzunguka. Kuna wakati mwamba wote utakuwa unaning'inia kwenye mguu mmoja au miwili, na unaweza kupita chini yake ukiwa umesimama wima. Vunja mguu huo wa mwisho. Mwamba mzima unapasuka kwa pamoja, shaba na mawe vinamwagika shimoni. Hakuna kipande kitakachokuumiza, vinageuka mali papo hapo.

Usipoporomoka baada ya kudhani umeukata kote, kuna ncha ndogo bado inagusa udongo. Mara nyingi iko chini kabisa katikati, au imejificha kwenye pembe ya mfereji pale ulipoanzia. Tafuta kwa kupiga sururu chini ya mwamba, utaisikia. Ikiwa umefika kikomo cha mita 8 na ardhi haichimbiki tena, basi hiyo ncha lazima uivunje yenyewe kwa mapigo.

Fedha ya milimani ni vilevile, tofauti ni kwamba inataka sururu ya chuma na mshipa wake umefichwa chini kabisa.

Sasa kibanda chako. Kinaegemea mwamba, na mwamba unahesabiwa kama ardhi kwa sasa. Ukiuporomosha, kila nguzo iliyokuwa buluu juu yake inapoteza ardhi na kibanda kinafuata. Vifaa utavipata vyote, kwa sababu kipande kilichojengwa na mchezaji kinarudisha gharama yake kamili hata kikivunjika, na makasha yanamwaga vilivyomo. Lakini vitamwagika ndani ya shimo, vimechanganyika na mawe. Hamisha kasha kwanza. Benchi la kazi lisimamishe kwenye udongo mgumu nje ya mfereji, ndani ya mita 20, ili uweze kujenga ukiwa shimoni; kutengeneza sururu lazima ulifikie benchi lenyewe.

Kuna mchezo mwingine ambako hofu yako ya dari ni ya kweli, kama una mpango wa kuhamia: Minecraft ikiwa na modi (nyongeza ya mashabiki) ya TerraFirmaCraft. Kule mwamba mbichi unaporomoka ukichimbwa bila mihimili. Unasimamisha mihimili ya wima pande mbili za njia, kisha wa kulala katikati yake, usiozidi bloku 5. Kila muhimili wa kulala unalinda bloku 4 kila upande na bloku 1 juu na chini, yaani 9 kwa 3 kwa 9. Kwa kuwa ulinzi wa juu ni bloku moja tu, muhimili uwe umegusa dari. Ukiacha nafasi ya bloku moja ya hewa kati yake na dari, unayemlinda ni hewa.

---

Kibanda_Juu:

Mbarikiwe wakuu. Ukumbi nimeuelewa, na mwamba pia. Swali la mwisho: mnara umeshafika ghorofa ya tatu kwa nguzo za mbao, na ndani katikati kuna nguzo ya mbao ya kawaida. Niivunje yote nianze upya, au naweza kubadilisha nguzo ya katikati bila kuangusha sakafu?

---

Nyundo_na_Timazi:

Usivunje. Badilisha ukiwa umeiacha ile ya zamani imesimama.

Anza chini. Weka kipande cha kwanza cha chuma ubavuni mwa nguzo ya zamani, kigusane na udongo mpaka kiwe buluu. Kama kuna sakafu ya mbao pale chini, ondoa ubao mmoja kwanza. Chuma kikikaa juu ya ubao kitaanza na pointi chini ya 100 za ubao badala ya 1500, na faida yote imepotea. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye nguzo za chuma. Unaona nguzo imesimama, unadhani umemaliza, kumbe haijagusa ardhi. Ukielekeza nyundo kwenye kipande cha chini na hakina buluu, simama hapo hapo.

Panda kipande kwa kipande. Mahali nguzo inapopita kwenye sakafu, acha ipenye ndani ya ubao, usikate tundu. Kupenyana kunahesabika kuwa ni kugusana. Ukifika juu, subiri. Mchezo haukokotoi jengo lote mara moja. Uimara unasafiri kutoka kipande hadi kipande na unachukua muda kuenea. Elekeza nyundo kwenye ubao wa sakafu ulio pembeni mwa nguzo mpya. Ulikuwa njano au chungwa, utauona unageuka kijani. Kisha ule unaofuata. Rangi zikishatulia mpaka ukutani, ndipo uanze kuondoa nguzo ya zamani.

Iondoe kuanzia juu kushuka chini, kamwe usianze na kipande cha chini. Ukitoa cha juu na sakafu ikabaki kijani, endelea. Ubao wowote ukibadilika kuwa chungwa, rudisha kipande ulichotoa na uangalie kwa nini haugusi chuma.

Ukimaliza, kama hupendi sura ya chuma, vika nguzo za msonobari juu yake kwa kushikilia Shift. Ni nene kuliko ile ya chuma, zinaifunika yote.

---

Mama_Boriti:

Na paa la mnara liweke mwisho, baada ya nguzo ya kati kufika kileleni. Ukiliweka mapema kwenye kuta za mbao, litakuwa jekundu mpaka nguzo ifike, na troli mmoja akigusa kona ya chini usiku huo unalipoteza kabla hujafika juu.

---

Kibanda_Juu:

Nimeweka vipande vinne vya chuma. Cha chini ni buluu. Sakafu ya ghorofa ya kwanza ilikuwa njano, sasa ni kijani mpaka ukutani. Naendelea kupanda.